UZI: Kwa nini mikufu ya shanga hukatika karibu na kifungio? Mshipi, shanga, gundi au mvaaji?

#1 Mtunga Shanga wa Kirumba

Habari zenu wanajukwaa. Ninatunga mikufu, bangili na hereni za shanga hapa Kirumba, na wateja wangu wengi ni wanawake wa maofisini pamoja na wageni wachache wanaopita Mwanza wakielekea Serengeti. Kupanga rangi hakunisumbui. Kinachonisumbua ni mikufu inayorudishwa ikiwa imekatika. Nimekuwa nikiichunguza mmoja mmoja kabla ya kuitunga upya, na nimeona kwamba karibu yote hukatika mahali pamoja, yaani umbali wa upana wa kidole kimoja au viwili kutoka kwenye kifungio, wala si kifuani ambako kuna shanga kubwa na uzito wote.

Ninatumia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wa milimita 0.30, kwa sababu unapatikana katika kila duka la zana za uvuvi. Shanga ni za kioo, namba 11 na namba 8, na kifungio ni cha chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya dhahabu. Baada ya kufunga fundo, ninarudisha mkia wa uzi ndani ya shanga chache, ninatia tone la supa gluu kwenye fundo, kisha ninaunguza ncha kwa kiberiti cha gesi. Naomba wenye uzoefu waniambie tatizo liko wapi.

#2 Mzee wa Mishipi

Mwanangu, mimi nimevua sangara kwa mishipi huko Igombe kabla magoti hayajagoma, na ninaweza kukuambia jambo moja kuhusu nailoni: adui yake mkubwa ni jua. Mshipi ulioanikwa juani kwa muda mrefu unapoteza ulaini, unakuwa kama umekauka, na ukiufunga fundo na kuuvuta kwa ghafla unakatika bila kukuonya. Sasa jiulize bunda lako la mshipi lilikaa wapi kabla hujalinunua. Kwenye maduka mengi mabunda yananing'inizwa mlangoni yakipigwa na jua tangu asubuhi, na wewe ukishatunga mkufu unautundika tena juani ili wapita njia wauone. Nunua bunda lililo ndani ya boksi, na wakati wa kununua omba ukate kipande, ufunge fundo, uvute.

#3 Binti Nyamanoro

Shikamoo Mzee. Maelezo yako yana uzito, lakini hayajibu swali lenyewe. Jua lingeudhoofisha mshipi wote kwa urefu wake, na mkufu ungekatika popote. Dada anasema unakatika mahali pamoja. Kwa nini hapo?

#4 Fundi Sonara

Dada Mtunga, anza kuchunguza kifungio kabla hujaulaumu uzi. Pete ndogo inayounganisha uzi na kifungio huwa na mwanya pale waya ulipokatwa, na kingo za mwanya huo ni kali hata kama jicho halizioni. Pitisha ukucha au kipande cha pamba, utaona kinavyonasa. Vifungio vya bei ya chini mara nyingi haviikazi pete hiyo ikafumba vizuri, na kila shingo inapogeuka uzi unasuguliwa.

Watunga lulu wana dawa ya miaka mingi. Kabla ya kufunga fundo, uzi hupitishwa ndani ya kipande kifupi cha springi ya waya mwembamba sana, kisha springi hiyo ndiyo inayozungushwa kwenye pete, kwa hiyo chuma kinasugua chuma na uzi unabaki salama ndani. Kama hutaki springi, acha nailoni kabisa utumie waya laini wa kutungia, ule wenye nyuzi ndogo za chuma 7, 19 au 49 zilizosokotwa pamoja na kufunikwa kwa nailoni. Wa nyuzi 49 ndio unaokunjika vizuri zaidi na ndio ghali zaidi. Haufungwi fundo, unabinywa kwa kishanga laini cha chuma na plaizi.

#5 Kijana wa Igoma

Wakuu, mbona mnalifanya jambo hili kuwa gumu? Anunue shanga kubwa zaidi, namba 15 badala ya 11, tundu litakuwa pana na uzi mnene utapita. Na wale wanaosema mitaani kwamba uzi unaharibika kwa kuogea nao wanakosea, nailoni hainywi maji, ndiyo maana wavuvi wanaitumia.

#6 Mwalimu wa Kemia

Kijana wa Igoma, umegeuza mambo mawili kwa mpigo mmoja.

Kwanza, kadiri namba ya shanga inavyokuwa kubwa ndivyo shanga inavyokuwa ndogo. Namba 15 ina kipenyo cha takribani milimita 1.5, namba 11 inakaribia milimita 2, namba 8 inakaribia milimita 3, na namba 6 inakaribia milimita 4. Dada akifuata ushauri wako atahitaji sindano nyembamba kuliko alizonazo na miwani mipya.

Pili, nailoni hunywa maji. Ikilowekwa kwa muda wa kutosha inaweza kubeba maji yanayofikia takribani asilimia 8 au 9 ya uzito wake, na ikiwa imelowa hulegea, hurefuka na kupoteza sehemu ya nguvu zake, kisha ikikauka hurudi. Mkufu unaoogewa kila siku unapitia hali hiyo tena na tena. Uzi usiokunywa maji ni ule uliosukwa kwa polyethilini, aina ya plastiki, ambao wavuvi wa michezo hununua kwa majina kama PowerPro na Fireline, na watunga shanga wa nchi nyingi wameuhamishia kwenye kazi yao kwa sababu haurefuki.

#7 Kijana wa Igoma

Nimeelewa, Mwalimu. Nitakaa kiti cha nyuma nisikilize.

#8 Mama wa Nansio

Ninyi nyote mmezungumza kana kwamba mkufu unavaliwa na sanamu. Sisi huku Ukerewe tunavaa shanga tukiwa tumebeba watoto, na mtoto hashiki shanga kubwa ya kifuani tu. Anavuta mpaka mkufu mzima unahamia mbele na kifungio kinafika kwenye koo. Kisha angalia namna mwanamke anavyovua mkufu akiwa amechoka: anashika pande mbili za kifungio kwa vidole, upana wa kidole kimoja kila upande, na kuvuta. Hapo hapo panapokatika.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi hawapendi kuambiwa. Mnatunga kwa kukaza mno. Mkufu uliokazwa mpaka shanga zimebanana unasimama wima ukiuinua, na ukiukunja shingoni shanga za mwisho zinasukumana na kuuvuta uzi penye kifungio. Mimi kabla ya kufunga naukunja mkufu kwanza kuwa duara, ninaacha nafasi ya punje moja au mbili za shanga, ndipo ninafunga.

#9 Fundi Sonara

Mama, hilo la kukunja duara kabla ya kufunga ni ufundi wa kweli, nami nalifanya hata kwa waya. Ila la kuvuta kifungio kwa vidole halinishawishi, kwa sababu mkufu uliotungwa vizuri lazima ustahimili mkono wa mwenyewe.

Naomba niongeze kuhusu shanga, kwa sababu Binti hapo juu ameuliza kwa nini hapo. Shanga za kioo hukatwa kutoka kwenye mrija mrefu wenye tundu, kisha hupashwa moto zikiwa zinazungushwa ili kingo zilainike. Zile zilizopashwa vizuri zina mdomo wa mviringo. Zilizofanyiwa haraka zina mdomo unaokata. Shanga za Japani, hasa za Miyuki na Toho, zinasifiwa kwa kulingana ukubwa na kwa tundu pana. Shanga za Jamhuri ya Cheki, kutoka maeneo ya Jablonec nad Nisou, ni za duara zaidi na huwa na tofauti ndogo ndogo za ukubwa, jambo ambalo wengine wanalipenda kwa kazi za mitindo ya kiasili. Zile za mifuko isiyo na jina lazima uzichambue: mwaga juu ya kitambaa, toa zilizovunjika, zilizopinda na zenye tundu lililoziba nusu. Hatari kubwa kuliko zote ni zile ndefu za mrija, ambazo miisho yake mara nyingi huachwa jinsi ilivyokatwa. Kila upande wa shanga ndefu weka punje ya duara ili uzi usipite juu ya makali. Dada, una shanga ndefu karibu na kifungio?

#10 Mtunga Shanga wa Kirumba

Ninawashukuru wote. Kaka Sonara, kwenye baadhi ya mikufu ndiyo, ninaweka shanga mbili ndefu nyuma ya shingo ili kuokoa punje, kwa sababu hapo hapaonekani sana. Lakini mikufu mingine iliyokatika haina shanga ndefu hata moja.

Mama wa Nansio, ni kweli ninakaza. Mteja akiona uzi kati ya shanga anasema kazi ni ya ovyo.

#11 Msomaji wa Zamani

Mjadala huu unafaa kufanyikia kwenye ufuo huu wa ziwa, kwa sababu shanga zilikuwa fedha hapa kabla ya fedha yenyewe. Misafara iliyotoka pwani katika karne ya 19 ilibeba shanga za kioo zilizotengenezwa Venice, zikiwemo zile nyekundu zilizoitwa samisami, na wakuu wa misafara walijua kwamba rangi inayopokelewa katika nchi moja inaweza kukataliwa katika nchi inayofuata. Kwa maneno mengine, mteja wa soko la Makoroboi anayesema rangi hii imepitwa na wakati ana mababu waliosema vivyo hivyo. Mpelelezi Stanley alipofika hapa Mwanza mwaka 1858 alikuwa na mizigo ya shanga.

#12 Mwalimu wa Kemia

Aliyefika Mwanza mwaka 1858 ni mpelelezi Speke, wakati mwenzake wa safari, Burton, amebaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Stanley alifika kusini mwa ziwa mwaka 1875, na alishukia Kageye, si Mwanza mjini. Hayo mengine kuhusu samisami ni sahihi.

#13 Msomaji wa Zamani

Nimepokea. Hata hivyo, anayetaka mawazo ya mpangilio wa rangi asisome kurasa za nje tu; afike Makumbusho ya Bujora pale Kisesa atazame vitu vya kichifu na vya ngoma za Wasukuma, ndipo arudi mezani kwake.

#14 Binti Nyamanoro

Tumesafiri mbali. Turudi kwenye kidole kimoja au viwili kutoka kwenye kifungio. Hakuna aliyesema neno kuhusu supa gluu na kiberiti cha gesi, na mimi ndivyo ninavyovishuku zaidi kuliko jua la Mzee.

#15 Mwalimu wa Kemia

Binti ameuliza vizuri. Supa gluu ni nyepesi sana inapokuwa majimaji, na huingia kwenye nafasi finyu yenyewe. Dada anaitia kwenye fundo, lakini haibaki kwenye fundo; inafuata uzi na mkia wake ndani ya matundu ya shanga za kwanza, kisha inakauka ikiwa ngumu. Sasa una sehemu mbili za mkufu: moja ngumu kama kijiti upande wa kifungio, nyingine laini. Kila mkufu unapokunjwa, mkunjo wote unaishia pale ugumu unapokoma, na nailoni inakunjwa mahali pamoja mara nyingi mno. Umbali alioutaja Dada unalingana kabisa na umbali ambao gundi ingeweza kusafiri. Ndiyo maana watunga shanga wengi huipendelea gundi inayobaki na unyumbufu ikishakauka, au hawatii gundi kabisa.

Kuhusu moto, nailoni huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 200 za Selisiasi kidogo, lakini huanza kudhoofika kabla ya kuyeyuka, na mwali wa kiberiti cha gesi una joto kubwa kuliko hilo kwa mbali. Ukihamia kwenye uzi wa polyethilini tahadhari iongezeke, kwa sababu ule huyeyuka kwenye nyuzi 145 hivi.

#16 Mzee wa Mishipi

Mwalimu amesema vizuri, ila sisi hatujawahi kutumia gundi na mishipi yetu ilikatika karibu na ndoana vilevile, karibu na fundo. Fundo lolote linaupunguzia uzi nguvu. Fundo la kawaida la kuzungusha mara moja ndilo baya zaidi, kwa maana uzi unajikata wenyewe. Tena nailoni ikikazwa ikiwa kavu inajisugua na kupata joto. Lowanisha fundo kwa mate au maji kabla ya kukaza, ukaze taratibu. Huyu binti yangu anarudisha mkia ndani ya shanga. Ninataka kujua kama huko ndani anafunga fundo jingine.

#17 Mtunga Shanga wa Kirumba

Ndiyo Mzee, baada ya shanga nne au tano ninafunga kifundo kidogo kuuzunguka uzi mkuu, kisha ninapita shanga mbili zaidi na kukata.

#18 Mzee wa Mishipi

Basi kifundo hicho ndicho kilichokaa upana wa kidole kutoka kwenye kifungio. Sina la kuongeza.

#19 Dada wa Buhongwa

Mzee umefunga mjadala mapema. Mimi nauza vipodozi, na ninawaona wanawake wakipulizia manukato na kupaka mafuta nyuma ya masikio na kwenye kisogo wakiwa tayari wamevaa mikufu yao. Kisogoni ndiko kifungio kinakokaa, ndiko jasho linakokusanyika na ndiko nywele za kusuka zinakosugua. Shanga zenyewe zinaonyesha ushahidi: za waridi na za zambarau zilizopakwa rangi juu ya kioo huanza kupauka nyuma kabla ya mbele, na zile zenye fedha ndani ya tundu huwa nyeusi. Anayetaka kujua kama shanga zake zitahimili, achukue punje chache aziloweke kwenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, nyingine aziache dirishani kwenye jua, kisha azilinganishe na zile zilizobaki kwenye mfuko.

Pia wateja wangu wengine wanawashwa shingo na masikio kwa sababu ya vifungio na ndoano za hereni zenye nikeli. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye pambo linalogusa ngozi, mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na 0.2 kwa vitu vinavyopita kwenye tundu la sikio. Hapa tunanunua kwa kuangalia mng'ao tu. Kwa hereni, chuma cha pua ni salama zaidi kwa wengi kuliko hicho cha rangi ya dhahabu.

#20 Kijana wa Igoma

Ninaomba kutoka kiti cha nyuma kwa swali moja tu. Kama manukato yanakata nailoni, mbona chupi zangu za nailoni hazijakatika?

#21 Mama wa Nansio

Rudi kiti cha nyuma, mwanangu.

#22 Mwalimu wa Kemia

Kijana ametania lakini ana hoja. Spiriti iliyomo kwenye manukato haiyeyushi nailoni. Inaweza kuharibu rangi na vanishi ya shanga, na inaweza kuharibu uzi wa mpira wa bangili, lakini kuukata mshipi wa milimita 0.30 ni madai yanayohitaji ushahidi zaidi.

#23 Mtunga Shanga wa Kirumba

Wanajukwaa, nimerudi baada ya wiki kadhaa. Nilitunga mikufu minne inayofanana kwa shanga na urefu, sentimita 45, nikawapa jamaa zangu waivae. Wa kwanza niliutunga kama zamani. Wa pili hauna gundi wala moto. Wa tatu una gundi lakini hauna kifundo cha ndani ya shanga. Wa nne una springi ya Kaka Sonara, hauna gundi, na nimeulegeza kama alivyosema Mama wa Nansio.

Wa kwanza umekatika mahali palepale. Wa pili nao umekatika, lakini kifuani, penye shanga moja ya chuma niliyoiweka katikati kama pambo. Wa tatu na wa nne bado mizima. Sasa sijui niamini nini, kwa sababu aliyevaa wa nne ameniambia kwamba huuvaa kanisani tu, na aliyevaa wa tatu hulala nao.

#24 Mzee wa Mishipi

Wa tatu hauna kifundo na umelaliwa, bado mzima. Nilisema.

#25 Mwalimu wa Kemia

Wa tatu una gundi kwenye fundo moja tu na hauna kifundo cha kuizuia isisambae, kwa hiyo huenda imeenea kwa urefu zaidi na ugumu umepungua polepole badala ya kukoma ghafla. Jaribio hili halinipingi wala halimthibitishi Mzee. Mkufu mmoja kwa kila aina hautoshi.

#26 Fundi Sonara

Wa pili umekatika penye shanga ya chuma, na hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo: chuma kina kingo. Dada, usiitupe shanga hiyo. Ingiza sindano nene ndani ya tundu uzungushe, na kama inakwaruza, isugue mdomo kwa msasa laini kabla ya kuitumia tena. Pia tuwekee picha ya karibu ya ncha za uzi uliokatika kwenye mkufu wa kwanza. Uzi uliokatwa na makali huwa na ncha bapa na safi. Uliovutwa huwa umerefuka na kuchongoka. Uliochoka kwa kukunjwa huwa mweupe kabla ya ncha.

#27 Mtunga Shanga wa Kirumba

Nimeziangalia kwa kioo cha kukuzia cha jirani yangu fundi saa. Upande mmoja ncha ni nyeupe, upande wa pili ni bapa. Picha nitaiweka nikipata simu yenye kamera nzuri. Wakati huohuo nimeshanunua bunda jipya la mshipi lililokuwa ndani ya boksi, kwa heshima ya Mzee, na ninatafuta uzi wa polyethilini kabla ya Nanenane ya Nyamhongolo, kwa kuwa nimeomba meza huko. Kuna anayejua duka la hapa mjini linaloukata kwa mita? Bunda zima sitaliweza.

#28 Kijana wa Igoma

Dada, mimi nitanunua nusu ya bunda. Nimeanza kutunga bangili, namba 6, ile kubwa.